Darubini ya kioo ya mm 150 kwenye kitako cha mbao: shajara ya mradi, Dodoma

10 Mei 2025: Kilichonunuliwa

Darubini ni ya kioo, aina ya Newton: kioo kikubwa cha upana wa mm 150 chini ya bomba, kioo kidogo cha mshazari karibu na mdomo, na lenzi ya jicho ubavuni. Umbali wa fokasi, yaani kutoka kioo kikubwa hadi pale mwanga wake unapokutana, ni mm 1,200. Nimeipata Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, shilingi 450,000 pamoja na stendi ya chuma, lenzi mbili za jicho (mm 25 na mm 10) na kilengeo, yaani ile darubini ndogo ya ubavuni ya kutafutia. Kuisafirisha kwa basi hadi Dodoma 15,000.

Gawanya 1,200 kwa mm za lenzi upate ukuzaji. Lenzi ya 25 inakuza mara 48, ya 10 inakuza mara 120. Kwa kioo cha ukubwa huu sihitaji zaidi kwa sasa, na tangazo lolote linalokuahidi mara 600 kwa darubini ndogo liache lipite.

Hali yake: bomba la chuma lina mbonyeo usio na madhara, kioo kikubwa kimejaa vumbi na alama za vidole, shingo ya lenzi (ile inayoingia na kutoka unapotafuta picha kali) inakwaruza. Ndani ya boksi kulikuwa na kichujio cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kuwa ni cha kutazamia jua. Nimekiponda kwa nyundo siku hiyohiyo. Kinakaa pale ambapo joto lote lililokusanywa na kioo linakutana, na kikipasuka, jicho lako ndilo lililo nyuma yake. Darubini hii haielekezwi kwenye jua, na mchana bomba halikai wazi uani.

24 Mei: Stendi imekataa

Stendi iliyokuja nayo ni ya mhimili. Unaelekeza mhimili mmoja kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kuzungukia, kisha unazungusha kitasa kimoja tu na nyota inabaki machoni huku dunia ikizunguka. Mpango mzuri kwa aliye Ulaya. Sisi Dodoma tuko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo: kwangu hapo ni ukuta wa jirani, mwarobaini na vumbi la barabara. Nyota ya Kaskazini haionekani kabisa, na ile iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu hata ingekuwa juu.

Tatizo la chuma lilikuja kabla ya hayo yote. Bolti ya kuinamisha mhimili imeishia kwenye alama ya 20. Niliitoa, nikaweka fupi zaidi, mhimili ukalala hadi 6. Hapo uzito wa kusawazisha ukaanza kugonga mguu wa stendi. Ukizungusha miguu uupishe, unapata nafuu mashariki na unapoteza magharibi. Kukata fimbo ya uzito kunataka uzito mkubwa zaidi, na stendi yenyewe tayari inatetemeka ukigusa tu shingo.

Mtu wa Cape Town, nyuzi 34 kusini, angeitumia bila shida. Kwa huku, ninachoandika hapa kwa anayetaka kununua ni hiki: usilipie stendi ya mhimili kabla hujasoma namba ya chini kabisa kwenye kipimo chake cha nyuzi.

Kinachofuata ni kitako cha mbao cha mtindo wa John Dobson. Huyu alikuwa mtawa wa Vedanta (falsafa ya Kihindu) huko San Francisco, akatengeneza darubini kwa vitu vya bei rahisi, na mwaka 1968 akawa miongoni mwa walioanzisha kikundi cha kuwaonyesha wapita njia mbingu pale barabarani. Kitako chake kinazunguka kushoto na kulia, kinainama juu na chini, basi. Hakijali uko nyuzi ngapi. Hakuwahi kukiwekea hataza, kwa hiyo seremala yeyote anaruhusiwa.

7 Juni: Kuosha kioo

Kioo cha darubini kimepakwa alumini upande wa mbele, unene wa takriban nanomita 100, na juu yake utando mwembamba wa kuilinda. Ukisugua unaikwangua. Vumbi kidogo halipunguzi chochote cha maana, ningeliacha. Alama za vidole zina chumvi na mafuta, hizo zinaila alumini polepole, ndiyo sababu nimeosha.

Suuza la mwisho linataka maji yasiyo na chumvi, na maji ya Dodoma yana chumvi ya kutosha kuacha madoa meupe kwenye birika. Suluhisho ni maji ya betri, ambayo ni maji yaliyotoneshwa. Nikaenda kituo cha mafuta nikaomba maji ya betri, kijana akanipa chupa. Nilipofika nyumbani nikasoma lebo: asidi. Hapa watu wengi husema "maji ya betri" kwa vyote viwili, kile cha kujazia betri mpya na kile cha kuongezea. Kile cha kwanza kingemaliza alumini yote mbele ya macho yangu. Nilirudi nikabadilishiwa. Sema "distilled", kisha soma lebo ukiwa hapohapo dukani.

Kazi yenyewe: beseni la plastiki lenye taulo chini, maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kioo kilowe kwanza. Kisha pamba, mpya kwa kila mpitisho, inaburutwa kwa uzito wake yenyewe bila kukandamiza. Suuza, mwagia yale maji ya distilled, simamisha kioo kwa ukingo kikauke chenyewe. Matone yaliyogoma nimeyanyonya kwa ncha ya karatasi laini.

Kabla ya kukirudisha nimebandika katikati yake kiduara cha karatasi, kile cha kuimarisha matundu ya faili. Hakizuii mwanga, maana katikati ya kioo kikubwa kuko ndani ya kivuli cha kioo kidogo siku zote. Maji 6,000, pamba 2,000.

21 Juni: Mbao

Ubao wa marine wa mm 18, karatasi nzima 85,000 (nusu ilibaki). Seremala 40,000. Alipoona mchoro aliuliza, "Bosi, hii ni meza ya nini?" Nikamwambia ni ya kutazamia nyota. Akasema sawa, lakini meza isiyosimama sawasawa haitazamii kitu, na akaukataa mchoro wangu wa miguu minne. Akaweka mitatu. Alikuwa sahihi: mitatu haitikisiki hata kwenye ardhi ya mawe.

Umbo ni hili. Bomba limekumbatiwa na kisanduku. Kisanduku kina magurudumu mawili ubavuni, ambayo ni vifuniko vya bomba la maji taka la inchi 4. Magurudumu yanalala kwenye mikato ya nusu duara juu ya mbavu mbili za mbao. Mbavu zimesimama kwenye duara la mbao linalozunguka juu ya duara jingine lenye miguu. Vifuniko 8,000, skrubu, gundi na msasa 17,000.

Urefu wa mbavu unategemea mahali bomba linaposawazika. Tulilining'iniza kwa mkanda, likasawazika sm 43 kutoka nyuma, mbavu zikakatwa sm 50. Tulipofunga kilengeo na lenzi ya jicho, ambavyo wakati wa kupima vilikuwa mezani, msawazo ukahamia sm 49. Sasa ukielekeza bomba juu kabisa, kitako cha bomba kinagonga ubao wa chini.

Badala ya kukata mbavu mpya, nimerudisha msawazo nyuma. Fundi redio ameniuzia sumaku ya spika kubwa iliyoungua, 5,000. Bomba ni la chuma, sumaku inajishika yenyewe karibu na kioo kikubwa, na msawazo umerudi ulikokuwa. Faida ambayo sikuitarajia: ukibadilisha lenzi nyepesi kwa nzito, unasogeza sumaku sentimita chache na bomba halishuki. Anayenakili apime bomba likiwa na kila kitu chake, au akate mbavu sm 56 na awe na nafasi.

29 Juni: Kinakwama

Kitako kinazunguka, lakini vibaya. Unasukuma, hakiendi, unaongeza nguvu, kinaruka kama mlango wa mbao uliovimba masika. Kwa ukuzaji wa mara 120 mruko huo unakutoa nje ya sayari kabisa.

Siri ya vitako hivi ni msuguano: nguvu ya kuanza kusogea ikaribiane na nguvu ya kuendelea kusogea. Nilichokuwa nimeweka ni vipande vya ubao wa plastiki wa kukatia nyama (7,000) vikisugua mbao iliyopigwa vanishi. Vanishi na plastiki hiyo vinang'ang'aniana. Nikazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile ya kuzuia uvujaji, kwa kuwa ni Tefloni. Ilikuwa laini kwa muda mfupi, ikakunjamana, ikachanika.

Kilichofanya kazi: kipande cha Tefloni nene ya mm 5 kutoka duka la sili na beringi, 18,000, kikakatwa pedi ndogo tatu za chini na nne za magurudumu. Upande wa juu, fomaika yenye chengachenga, sio ile inayong'aa; mabaki kutoka kwa mtengeneza makabati, 10,000. Pedi zikae juu ya miguu moja kwa moja, la sivyo ubao unapinda katikati. Sasa kidole kimoja kinasogeza bomba, na ukiliacha linabaki pale ulipoliacha.

Usitie grisi. Wote waliopita uani wameshauri grisi. Itateleza kwa upepo.

12 Julai: Kulinganisha vioo

Hapa ndipo darubini nyingi za kioo zinapohukumiwa bure. Vioo vikiwa vimepinda kidogo, Mwezi unaonekana vizuri tu, lakini sayari ni ukungu, na mwenye nayo anasema kioo ni kibovu.

Nilianza kwa njia ya mkato, nikaagiza leza ya kulinganishia, 60,000. Unaiweka mahali pa lenzi, inapiga nukta nyekundu, unazungusha skrubu hadi nukta irudi ilikotoka. Nilifuata, kila kitu kikakaa sawa, na picha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Basi nikailaza leza juu ya misumari minne iliyopigwa kwenye ubao, nikaizungusha mahali pake huku ikimulika ukuta wa mita 5. Nukta ikachora duara la upana wa sm 4. Leza nzuri hubaki palepale. Ina maana yenyewe imepinda ndani ya ganda lake. Muuzaji hajibu ujumbe.

Kifaa kilichofanikiwa ni kifuniko cha chupa ya maji. Kimezungushiwa tepu hadi kikajaa kwenye shingo ya lenzi (upana wa inchi 1.25), kikatobolewa tundu la mm 2 katikati kabisa, na ndani kikabandikwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili tundu lionekane kama nukta nyeusi. Mchana, bomba likielekezwa kwenye ukuta mweupe ulio kivulini, unachungulia:

Kwanza kioo kidogo. Kionekane duara kamili katikati ya shingo. Kikiwa juu au chini, legeza bolti yake ya kati. Bomba lilazwe wakati wa kazi hii, spana ikidondoka isidondokee kioo kikubwa. Pili, skrubu tatu ndogo za kioo kidogo, hadi vibanio vyote vitatu vya kioo kikubwa vionekane ukingoni. Hii ndiyo hatua ngumu, kila skrubu moja inaharibu ya mwenzake: legeza moja kabla hujakaza nyingine. Tatu, skrubu za nyuma za kioo kikubwa, hadi nukta nyeusi iingie ndani ya kile kiduara cha faili. Mmoja achungulie, mwingine azungushe. Mwanangu alizungusha, akajifunza tofauti ya "kaza" na "legeza" kwa lugha kali kidogo.

Uthibitisho ni usiku. Antares, nyota nyekundu ya Nge, mwezi huu iko juu sana. Ukiivuruga fokasi kwa makusudi inakuwa viduara ndani ya viduara. Vikiwa na kitovu kimoja, umemaliza. Vyangu vilikuwa vimeegemea kushoto. Robo mzunguko wa skrubu moja ya nyuma ikatosha.

26 Julai: Makutupora, bila mwezi

Mwezi mwandamo ulikuwa jana, kwa hiyo tumeipakia kwenye gari hadi upande wa Makutupora, mbali na taa za mji. Kitako na bomba vinatengana, mtu mmoja anabeba.

Saa 2 usiku Omega Kentauri, fundo kubwa la nyota, ilikuwa kusini magharibi, kama nyuzi 40 juu. Kwa macho matupu ni nyota yenye ukungu. Kwa mara 48 ni fundo, na kwa mara 120 fundo linaanza kuchambuka nyota mojamoja kutoka ukingoni kuelekea ndani, zaidi ukitazama pembeni kidogo kuliko ukikodoa macho moja kwa moja. Ni nyota kama milioni 10, umbali wa takriban miaka ya nuru 17,000. Aliye Uingereza haioni kamwe, haichomozi kwao. Kwa hilo latitudo ya nyuzi 6 inatulipa fidia ya ile stendi.

Kilengeo kinageuza picha juu chini, na nyota zilivyo nyingi huku, unapotea. Nimefunga kipande cha mrija wa plastiki wa sm 15 kando yake. Unachungulia mrijani kwanza, kisha kwenye kilengeo, kisha lenzi ya 25. Tochi imepakwa rangi nyekundu ya kucha, 2,000, ili macho yasipoteze giza.

2 Agosti: Mwezi unachemka

Jana mwezi ulifika nusu, muda mzuri kuliko mwezi mpevu kwa sababu vivuli vya mashimo ni virefu. Lakini ukingo wake ulikuwa unatetemeka kama unatazamwa ndani ya mto. Joto lilikuwa la aina mbili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mabati. Tulikuwa tunatazama juu ya paa la nyumba, na bati lililochomwa na jua siku nzima linapumua hadi usiku. Kuhamia upande wa pili wa ua, penye mchanga mtupu, kumeondoa nusu ya shida.

La pili ni kioo chenyewe. Darubini inakaa chumbani, chini ya paa hilohilo, na usiku wa Agosti hapa ni baridi. Kioo kinene hupoa taratibu na kinatengeneza hewa ya moto ndani ya bomba. Nimefunga feni ya kompyuta ya volti 12 (5,000) nyuma ya kioo kwa mipira, sio skrubu, isitikise bomba. Waya na swichi 3,000. Umeme ni wa betri ya sola. Darubini inatolewa nje jua likizama, na tukimaliza chakula kioo kiko tayari.

23 Agosti: Upepo, na pale juu ya kichwa

Upepo wa Dodoma hauhitaji maelezo. Bomba refu ni tanga. Mfuko wa mchanga kwenye ubao wa chini umetuliza kitako, lakini bomba lenyewe linatulizwa na ukuta tu. Nimeacha kupigana nao: upepo ukivuma, lenzi ya 25 na vitu vikubwa.

Shida nyingine vitabu vya Ulaya vinaitaja kwa mstari mmoja. Kitako cha Dobson ni kigumu kuongoza kikitazama juu ya utosi, maana kuhamia kando kidogo kunataka kukizungusha sana. Kwao sayari hazifiki huko. Kwetu ndiko zinakopita. Zohali mwaka huu inapita nyuzi chache tu kutoka utosini. Kuna njia mbili: itazame mapema ikiwa bado mashariki, au weka nusu tofali chini ya mguu mmoja, kitako kizima kiinamie upande na lile eneo gumu lihame. La pili linafanya kazi, ila lisifanywe kwenye upepo wala penye watoto.

Kwa mara 120 Zohali inavuka uwanja wa lenzi kwa chini ya dakika 2. Weka sayari ukingo wa mashariki, mwite mtu, aitazame ikipita. Kusukumasukuma wakati anatazama kunamchosha yeye na wewe.

7 Septemba: Kupatwa kwa mwezi

Jumapili, anga safi. Kivuli kilianza kuuma saa 1:27 usiku, mwezi ukawa mwekundu mzima kuanzia saa 2:30 hadi 3:52. Lenzi ya mm 25 inaumeza mwezi wote na nafasi inabaki. Wekundu ni mwanga wa jua uliopenya pembezoni mwa hewa ya dunia; ukingo mmoja ulikuwa na weupe kidogo, upande ulio karibu na nje ya kivuli.

Majirani walikuja bila kuitwa. Mtoto wa kwanza alishika shingo ya lenzi kwa mikono miwili, kama ilivyo kawaida yao. Tangu hapo kuna kigoda, na sheria kwamba mikono inashika kigoda.

Mwezi ukiwa mwekundu, Zohali ilikuwa chini yake mashariki, nikawageuzia. Mzee wa nyumba ya tatu alitazama kwa muda, akauliza, "Pete ziko wapi?" Ana haki. Mwezi Machi dunia ilipita kwenye bapa la pete, na sasa bado tunazitazama kwa ukingo: ni mstari mwembamba unaotoboa sayari pande mbili. Titani, mwezi wake mkubwa, ilionekana kando. Nikamwambia zitafunguka miaka ijayo. "Mimi nina miaka themanini," akasema, akarudi kwenye foleni ya mwezi.

5 Oktoba: Gharama, na kabla ya mvua

Jumla ni shilingi 733,000. Kati ya hizo, 67,000 ni leza na ubao wa nyama, hazikufaa. Kitako peke yake, bila makosa, ni kama 183,000, na nusu ya ubao imekuwa stuli.

Sayari ya Mshtarii itakuwa mkabala na jua, wakati wake mzuri wa kutazamwa, tarehe 10 Januari 2026, yaani katikati ya mvua zetu, kwa hiyo kazi ya sasa ni kuhifadhi. Miguu ya kitako imepakwa dawa ya mchwa na inakaa juu ya matofali. Bomba limefungwa kwa foronya, sio nailoni, kwa sababu nailoni inafungia unyevu na kioo kinaota ukungu. Pakiti za kukausha unyevu kutoka kwenye maboksi ya viatu zimewekwa pande zote mbili.

Vipimo kwa anayenakili, bomba la upana wa sm 18: kisanduku sm 23 kwa 23 nje, urefu sm 30, mbavu sm 30 kwa 56, nafasi kati ya mbavu sm 23.6, maduara mawili ya sm 42, ubao wa mbele kimo cha sm 25, na usiuondoe kupunguza uzito, ndio unaozuia mbavu kuyumba.